Hesabu ya Kuni

Mwaka 1979 serikali ya Kenya iliunda Wizara ya Nishati. Hali ilikuwa imeibana. Mwishoni mwa 1973, baada ya vita vya Oktoba kati ya Waarabu na Israeli, pipa la mafuta ghafi lililokuwa likiuzwa kwa takriban dola 3 lilifika karibu dola 12 katika muda wa miezi michache. Nchi zinazoagiza mafuta zilikuwa hazijapumua sawasawa, yakaja mapinduzi ya Iran, na kufikia 1980 pipa hilohilo lilikuwa limepita dola 30. Kenya haikuwa na kisima hata kimoja kinachotoa mafuta. Kila lita ilishushwa Mombasa, ikasafishwa Changamwe, ikalipiwa kwa fedha za kigeni zilizoletwa na kahawa, chai na watalii.

Hata hivyo, wapangaji walipojaribu kujumlisha nishati yote inayotumika nchini, badala ya ile inayopita bandarini peke yake, waliona kuwa hayo mafuta yanayowanyima usingizi hayakuwa hata theluthi ya hesabu. Takriban robo tatu ya nishati ya Kenya ilikuwa kuni na mkaa. Ilitoka vichakani, mashambani, misituni na kando ya barabara. Ilibebwa migongoni mwa wanawake, au kwa magunia juu ya malori yaliyoingia Nairobi alfajiri, wala haikupita kwenye mita au forodha. Petroli iliyouzwa serikali iliijua kwa lita. Kuni zilizochomwa hakuna aliyezijua kwa uhakika, wala aliyeweza kusema ni miti kiasi gani imebaki na inakua kwa kasi gani.

Historia ya namna wachumi walivyojifunza kukokotoa matumizi ya nishati, gesijoto na sera za tabianchi husimuliwa mara nyingi kuanzia vyuo vya Marekani na taasisi za Ulaya. Usimulizi huo si wa uongo, na nitaufikia. Lakini una chanzo kingine ambacho kwetu kiko karibu zaidi: programu ya kompyuta ambayo leo serikali nyingi huitumia kupanga ahadi zao za kupunguza gesijoto ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1980 ili kuhesabu kuni za Kenya.

Mradi wa kuhesabu kuni hizo ulikuwa wa Taasisi ya Beijer ya Stockholm, iliyoanzishwa mwaka 1977 chini ya Akademia ya Sayansi ya Kifalme ya Sweden, ikiongozwa na Gordon Goodman. Fedha nyingi za kutengeneza programu zilitoka mashirika ya misaada ya Sweden na Marekani. Hesabu zenyewe zilikabidhiwa kikundi kidogo cha watafiti wa Boston kilichoongozwa na Paul Raskin, mwanafizikia aliyeacha nadharia na kugeukia mambo ya nishati. Programu iliitwa LEAP.

Kabla ya kuingia ndani yake, inafaa kujua ilizaliwa katikati ya ugomvi gani. Mwaka 1972 watafiti wa MIT, wakiwemo Donella na Dennis Meadows, walichapisha kitabu kilichosema, kwa ushahidi wa modeli ya kompyuta, kwamba uchumi wa dunia ukiendelea kukua vilevile utagonga ukuta wa rasilimali na uchafuzi ndani ya karne moja. Kitabu kiliuzwa kwa mamilioni. Wachumi walikasirika. Miongoni mwao alikuwa kijana wa Chuo Kikuu cha Yale, William Nordhaus, aliyeandika mwaka uliofuata kwamba modeli za namna hiyo zilijaa milinganyo na kukosa takwimu, na kwamba hazikuwa na nafasi ya bei: kitu kikiadimika hupanda bei, watu wakapunguza matumizi au wakatafuta mbadala. Lilikuwa pigo la haki. Tulikumbuke, maana baadaye litawarudia wengi, na yeye mwenyewe hatasalimika.

Kambi ya tatu ilisema pande zote mbili zinatazama kutoka juu mno. Haina maana kuuliza uchumi utahitaji mafuta kiasi gani. Uliza watu wanataka nini. Wanataka chumba chenye joto, chakula kilichoiva, safari ya kwenda kazini. Hesabu majumba, majiko na magari, kisha ujue kila kimoja kinakula nishati kiasi gani, halafu ujumlishe kutoka chini. Huko Uingereza, mwaka 1979, Gerald Leach na wenzake walifanya hivyo kwa nchi nzima wakaonyesha kwamba uchumi ungeweza kuendelea kukua huku matumizi ya nishati yakibaki karibu palepale. LEAP ilikuwa ya kambi hii.

Muundo wake ni rahisi kuueleza, ila kuujaza ndiyo kazi. Nchi inagawanywa kama mti wenye matawi. Tawi la kaya linagawanyika mjini na vijijini, kisha kwa kipato, kisha kwa kazi ya moto wenyewe, yaani kupika, kuchemsha maji, kuwasha taa, na mwisho kabisa linafika kwenye kifaa: mafiga matatu, jiko la mkaa, stovu ya mafuta ya taa. Kwa kila ncha unahitaji namba tatu tu: kaya ngapi, asilimia ngapi zina kifaa hicho, na kila kimoja kinakula kilo ngapi kwa mwaka. Unazidisha. Upande wa pili iko ardhi: kila eneo lina miti kiasi gani iliyosimama na inaongezeka kiasi gani kwa mwaka. Katikati ya pande hizo mbili kuna vituo ambako nishati hubadilishwa sura na sehemu yake kupotea.

Kituo kimoja kati ya hivyo kinastahili kuangaliwa kwa makini, nacho ni tanuri la mkaa. Kilo 100 za kuni kavu zina nishati ya takriban megajuli 1,600. Ukizifukia katika tanuri la udongo la kawaida utapata mkaa wa kilo 10 hadi 15. Chukua hata hizo 15: ni kama megajuli 450. Zaidi ya theluthi mbili ya nishati imekwenda na moshi kabla gunia halijashonwa mdomo. Jiko la mkaa hufidia kidogo, kwa kuwa linapoteza joto pungufu ya mafiga, lakini halifidii yote. Kwa hiyo mtu anayehama kijijini na kwenda kupanga chumba Mathare, akaacha kuni na kuanza kununua mkaa kwa debe, anakula miti mingi kuliko alipokuwa kwao, ingawa machoni pake moto umepungua. Ofisi ya takwimu isingeuona mwenendo huo kwa namna yoyote. Modeli iliuona, na hiyo ndiyo faida yake ya kweli: inamlazimisha mtu aandike kila hatua kati ya mti na sufuria.

Kilichofuata ni kuisogeza hesabu mbele. Sensa ya 1979 ilikuta Kenya ina watu milioni 15.3, nao walikuwa wakiongezeka kwa karibu asilimia 3.8 kwa mwaka, kasi ambayo ni nchi chache mno zilizowahi kuifikia. Kwa mwendo huo idadi huwa maradufu kabla ya miaka 20 kwisha. Mahitaji ya kuni yalipanda pamoja na watu. Ukuaji wa miti haukupanda. Mistari miwili kwenye karatasi ikaachana, na nafasi iliyo kati yake, inayozidi kupanuka kuelekea mwaka 2000, ikapewa jina: pengo la kuni.

Pengo hilo halikuwa la Kenya peke yake. Tangu 1975, Erik Eckholm wa Marekani alipoandika kwamba maskini wa dunia wana msukosuko wao wa nishati, wa kuni, mashirika ya misaada yalikuwa yakifanya hesabu za aina hiyo kutoka Sahel hadi Nepal. Mwezi Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa Nairobi kuhusu vyanzo vipya na jadidifu vya nishati, Indira Gandhi akiwa miongoni mwa wakuu waliohutubia, na kuni zilijadiliwa pamoja na jua na upepo. Mambo mawili yenye manufaa yalichipuka nchini katika kipindi hicho. Moja lilikuwa jiko: mafundi na wabunifu, Maxwell Kinyanjui akiwa mmoja wao, walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand wakalioanisha na jiko la bati lililokuwa likifuliwa na mafundi wa Shauri Moyo. Wakalivisha bati hilo kikombe cha udongo uliochomwa ndani. Likaokoa mkaa kwa theluthi moja au zaidi, likauzwa sokoni kama bidhaa yoyote nyingine, na likaenea hadi nchi za jirani. La pili lilikuwa uamuzi wa kwenda kupanda miti pale ambapo hesabu ilionyesha watu wengi na msitu kidogo. Mradi ukaanza Kakamega na Kisii.

Hapo ndipo hesabu ilipokutana na shamba.

Kakamega ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mashambani yenye msongamano mkubwa kabisa wa watu nchini. Kwa mantiki ya pengo ilipaswa kuwa imekwisha. Picha zilizopigwa kutoka angani zilionyesha kinyume: miti ilikuwa kila mahali, kwenye mipaka ya mashamba, kuzunguka miji ya watu, kando ya mito. Tena palipokuwa na watu wengi zaidi, mara nyingi ndipo palipokuwa na miti mingi zaidi iliyopandwa kwa mkono. Wakulima walikuwa wameona uhaba muda mrefu kabla ya wataalamu, wakachukua hatua bila kuuliza. Modeli ilikuwa imehesabu msitu wa serikali na pori, na mkulima ikamwona kama mdomo unaokula kuni. Haikuwa na tawi la mkulima anayepanda.

Ila wanawake wa Kakamega walikuwa kweli wakihangaikia kuni. Jambo hili liliwashangaza watafiti kuliko picha za angani. Miti ipo, kuni hakuna. Noel Chavangi, mtafiti wa Kenya aliyefanya kazi katika mradi huo, alilifuatilia kwa subira nyumba hadi nyumba. Miti ilikuwa ya mume. Ilikuwa nguzo za nyumba, mbao za kuuza, karo ya shule, alama ya mpaka wa shamba. Kutafuta kuni kulikuwa kazi ya mke, na mke hakuwa na ruhusa ya kuangusha mti wa mume ili achemshe maharage. Kupanda wake mwenyewe kulizuiwa na miiko: mwanamke apandaye mti atakosa uzazi, au mumewe atakufa. Ukiutazama mwiko huo kwa jicho la sheria utaona kazi yake, kwani apandaye mti hudai ardhi. Njia iliyopatikana ilikuwa ya werevu. Mradi ulisambaza vichaka vinavyokua upesi, kama kaliandra na sesbania, ambavyo machoni pa wenyeji havikuwa miti. Mwanamke angeweza kuvipanda bila kumgusa mtu ndevu.

Mwaka 1988 Gerald Leach, yuleyule aliyehesabu majumba ya Uingereza, alitoa pamoja na Robin Mearns kitabu kuhusu kuni, ardhi na miti barani Afrika. Hakuwa mtu wa kuzichukia hesabu. Alikuwa fundi wake. Hilo ndilo lililolipa neno lake uzito. Walionyesha kwamba hesabu ya pengo ina mtego ndani yake. Ukishasema mahitaji yanayozidi ukuaji yatazibwa kwa kukata miti iliyosimama, basi mwaka ujao miti imepungua, ukuaji umepungua nao, pengo limepanuka, ukataji umeongezeka. Ukiiendesha kompyuta miaka ya kutosha itafuta kila mti nchini. Haiwezi kufanya vingine, kwa sababu ndani yake hakuna mtu anayebadili chochote: hapandi, hapunguzi moto, hatumii mabua ya mahindi, haongezi bei. Zaidi ya hayo, kuni nyingi zilitokana na kufyeka mashamba mapya. Miti ilikuwa ikikatwa ili kulima, na kuni zilikuwa mabaki yake. Kupunguza matumizi ya jikoni kusingeokoa pori ambalo jembe linalitaka.

Ni pigo lilelile la Nordhaus la 1973, safari hii likitoka kwa mtu wa kambi nyingine: mmesahau kwamba watu hujibu. Mwaka 2000 ulifika. Shida ya kuni ilikuwepo, katika sehemu fulani kali sana, lakini nchi haikuwa jangwa la visiki kama mstari ulivyoashiria.

Kwa bahati programu yenyewe ilikuwa na akili kuliko matumizi yake ya kwanza. Ule mti wake wenye matawi unaweza kubeba chochote. Mwaka 1989 serikali ya Sweden iliunda Taasisi ya Mazingira ya Stockholm, Goodman akawa mkurugenzi wake wa kwanza, na LEAP ikahamia huko. Goodman hakuwa amelala katika miaka iliyopita. Baada ya wanasayansi kukutana Villach, Austria, Oktoba 1985, na kukubaliana kwamba kaboni dioksidi na gesi nyingine zingeweza kuleta joto ambalo binadamu hajawahi kuliona, alikuwa miongoni mwa walioandaa mikutano ya 1987 ya Villach na Bellagio, iliyokusudiwa kuigeuza sayansi hiyo kuwa sera. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, liliundwa mwaka uliofuata.

Kwa LEAP mabadiliko yaliyohitajika yalikuwa madogo mno ukilinganisha na matokeo yake. Penye ncha ya kila tawi, pale palipokuwa na kilo za kuni au lita za dizeli, iliongezwa namba moja: kuchoma kiasi hicho hutoa gramu ngapi za kaboni dioksidi, za methani, za moshi. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, lilisaidia kukusanya takwimu hizo. Chombo cha kuhesabu kuni kikawa chombo cha kuhesabu gesijoto. Mwaka 1993 tayari kilitumika kuichorea Greenpeace picha ya dunia isiyochoma mafuta wala makaa ya mawe ifikapo 2100. Wakati huo wengi waliisoma kama ndoto ya wanaharakati.

Nordhaus naye alikuwa amefika kwenye kaboni kwa njia yake. Mwaka wa 1974 na 1975 alikaa Laxenburg, karibu na Vienna, katika taasisi ya utafiti ambako Wamarekani na Warusi walifanya kazi chini ya paa moja wakati wa Vita Baridi. Ofisi alishirikiana na mtaalamu wa hali ya hewa, akaanza kuuliza: kaboni dioksidi ingedhibitiwa kwa gharama gani? Mwaka 1992 alichapisha modeli yake maarufu, DICE, inayouweka uchumi wote wa dunia na hewa yake yote katika milinganyo michache. Hapo hakuna mafiga wala tanuri. Kuna pato, joto, hasara inayoletwa na joto, na kodi ya kaboni ya kupunguza hasara hiyo. Swali lake ni moja: kizazi hiki kilipe kiasi gani?

Jibu linategemea mambo mawili ambayo hayatoki kwenye sayansi ya hewa. La kwanza ni thamani ya kesho. Tuseme hasara ya shilingi milioni moja itatokea baada ya miaka 100. Ukiipunguza kwa asilimia 5 kila mwaka, leo inastahili kulipiwa shilingi 7,600 tu ili izuiwe. Ukiipunguza kwa asilimia 1.4, inastahili kama shilingi 249,000. Milinganyo ni ileile, hewa ni ileile. Nordhaus alikuwa karibu na kiwango cha kwanza, kwa hoja kwamba ndivyo masoko yanavyofanya. Nicholas Stern, katika ripoti aliyoiandikia serikali ya Uingereza mwaka 2006, alikuwa kwenye kile cha pili, kwa hoja kwamba mtu hapungui thamani kwa kuchelewa kuzaliwa. Ndiyo maana mmoja alishauri kodi ndogo inayopanda polepole, na mwingine akasema tumia asilimia 1 ya pato la dunia sasa ama upoteze kati ya asilimia 5 na 20 baadaye.

Jambo la pili ni hasara yenyewe. Katika makadirio yake ya mwanzo Nordhaus alisema nyuzi 3 za joto zingeigharimu dunia asilimia 1 na kitu ya pato. Alianzia Marekani, ambako kilimo na sekta nyingine zinazotegemea sana hali ya hewa zilikuwa takriban asilimia 3 tu ya uchumi. Karani wa benki hangojei mvua. Nadhani msomaji wa Dodoma au Kitui hahitaji kuelezwa pengo liko wapi katika hesabu hiyo. Mwaka 1995 jambo hilo lililipuka hadharani. Sura ya ripoti ya pili ya IPCC kuhusu gharama za kijamii ilitumia makadirio ambamo kifo cha mtu wa nchi tajiri kilihesabiwa kwa dola milioni moja na nusu, na cha mtu wa nchi maskini kwa sehemu ndogo ya hizo, kama moja ya kumi. Wachumi walieleza kwamba namba hizo hupima uwezo wa watu wa kulipia usalama wao, si utu wao. Wajumbe wa nchi zinazoendelea, India ikiwa mbele, hawakuridhika, na muhtasari uliopitishwa na serikali ukajitenga na makadirio hayo.

Tarehe 8 Oktoba 2018 Nordhaus alitangazwa mshindi wa tuzo ya Nobel ya uchumi. Siku hiyohiyo IPCC ilitoa ripoti iliyohimiza joto lisipite nyuzi 1.5. Toleo la DICE la wakati huo lilikuwa likionyesha kwamba njia iliyo bora kiuchumi inafika karibu nyuzi 3.5 ifikapo 2100.

Kwa shughuli za kila siku za serikali, hata hivyo, si DICE iliyoshinda. Nchi zilipotakiwa kuandika ahadi zao kabla ya mkutano wa Paris wa 2015, kila moja ilihitaji kujua ina majiko, magari, ng'ombe na mitambo mingapi, na zaidi ya nchi 30 zilitumia LEAP. Herufi zake nne zimebaki, lakini sasa husimama badala ya maneno mengine, yanayotaja upunguzaji wa gesijoto.

Ahadi ya Kenya ya 2015 ilikuwa kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 ifikapo 2030. Mwishoni mwa 2020 ikapandishwa kuwa 32. Tanzania mwaka 2021 iliahidi kati ya 30 na 35. Asilimia 30 ya nini? Ya kiasi ambacho kingetoka kama mambo yangeendelea kama kawaida. Kwa Kenya kiasi hicho kilikadiriwa kuwa tani milioni 143, na asilimia 30 yake ni karibu milioni 43. Tani milioni 143 hizo hazijatoka na hazitatoka popote ila kwenye modeli. Ukikadiria juu sana, ahadi inatimia bila mtu kunyanyua kidole. Sisemi ndivyo ilivyofanyika, ila nasema aliyeuchora mstari wa kawaida ameshaandika nusu ya mkataba.

Kenya yenyewe ina mfano wa mstari wa namna hiyo. Mwaka 2011 mpango wa umeme wa serikali ulikadiria kwamba kilele cha mahitaji, ambacho wakati huo kilikuwa karibu megawati 1,200, kingefika takriban 15,000 mwanzoni mwa miaka ya 2030. Zilizotumika hapo ni programu nyingine, za Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, na zilifanya kazi barabara. Kilichoingizwa ndani yake kilikuwa Ruwaza ya 2030: uchumi ukue kwa asilimia 10 kila mwaka, miji mipya ijengwe, reli iendeshwe kwa umeme, viwanda vya chuma viwashwe, vyote kwa ratiba. Mwaka 1980 wakokotoaji walidhani watu hawatafanya lolote. Safari hii walidhani kila kilichotangazwa kitafanyika. Zaidi ya miaka kumi baadaye kilele kilikuwa bado kinazunguka megawati 2,000.

Lakini 15,000 zilikuwa zimeshaandikwa, na pengo likishaandikwa hutafutiwa cha kulijaza. Cha kulijaza kilikuwa, pamoja na mengine, mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa Kwasasi, katika Kaunti ya Lamu. Ungefanya kazi muda wote, ungetoa zaidi ya tani milioni 8 za kaboni dioksidi kwa mwaka, katika nchi iliyoahidi kupunguza milioni 43. Wavuvi na wakazi wa Lamu walihoji maji ya moto yatakayomwagwa baharini, majivu, mikoko, samaki. Walihoji pia umeme huo unahitajiwa na nani. Mwezi Juni 2019 Mahakama ya Mazingira ya Kitaifa ilifuta kibali cha mtambo huo, ikisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Matoleo ya baadaye ya mpango wa umeme yaliuteremsha mstari kwa kiasi kikubwa.

Miezi miwili baada ya hukumu hiyo, usiku wa Agosti 24, ilianza sensa, na makarani waliuliza kila kaya inapikia nini. Asilimia 55.1 walisema kuni, 11.6 mkaa. Gesi ya mtungi ilitajwa na asilimia 23.9, na stovu ya mafuta ya taa iliyokuwa na tawi lake katika hesabu ya 1980 ilikuwa inafifia. Watu sasa walikuwa milioni 47.6. Majibu hayo yalipochapishwa yaliwafikia wakokotoaji, kwa sababu kila modeli huhitaji mwaka wa kuanzia, na mwaka wa sensa ndio wenye takwimu nyingi.